Chakula cha mgonjwa wa mionzi: ngao isimkinge adui

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa Serikali, Mji Mkongwe, Zanzibar)



Tangu siku za mwanzo za Uhuru na Mapinduzi, maadui wa taifa hili wametajwa kwa majina matatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mara nyingi maadui hao huzungumzwa mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja ana uwanja wake. Lakini katika nyumba ya mgonjwa wa saratani wote watatu huingia kwa mlango mmoja. Maradhi humdhoofisha mwili, umaskini humzuia kufika hospitali, na ujinga humshawishi aiache tiba inayojulikana na kuishika isiyojulikana.

Mazungumzo haya yanahusu pembe moja tu ya vita hivyo, nayo ni chakula cha mgonjwa anayetibiwa kwa mionzi. Hasa yanahusu vile viini vya chakula viitwavyo antioksidanti, ambavyo siku hizi husifiwa kwamba humkinga mgonjwa na madhara ya tiba hiyo tumboni. Sifa hizo zina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo umechanganyika na biashara, na mchanganyiko huo unaweza kugharimu maisha ya watu.

SAFARI YA KUVUKA BAHARI

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Unguja aliyeandikiwa mionzi amelazimika kufunga safari. Atoke Makunduchi, Nungwi au Chwaka, hufika kwanza mjini, kwenye Hospitali ya Mnazi Mmoja; kisha hupanda boti katika bandari ya Malindi na kuvuka bahari ya kiasi cha kilometa 70 hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hospitali hiyo, ambayo jengo lake lilikamilishwa na Wajerumani mwaka 1897, ilifanywa taasisi kamili ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996, nayo imebeba mzigo wa wagonjwa kutoka kila pembe ya Muungano.

Miongoni mwa wagonjwa hao wako wanawake wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Tiba yao ya kawaida ni mionzi ya nje ipatayo mara 25, siku 5 kwa juma, kwa majuma 5, ikifuatiwa na mionzi inayowekwa ndani ya mwili. Jambo ambalo wananchi wengi hawalijui ni kwamba tiba hiyo yote inatakiwa imalizike katika muda wa majuma 8. Kila siku inayopotea baada ya hapo huupunguza uwezekano wa kupona, kwa sababu uvimbe usiopigwa hupata nafasi ya kuota upya.

Kwa hiyo, mama anapoanza kuharisha katika juma la tatu, akakosa nguvu, akakata tamaa na kupanda boti kurudi Unguja, jambo hilo si dogo. Tumbo limemwondoa vitani kabla adui hajashindwa. Hapo ndipo uzito wa suala la chakula ulipo. Kazi ya kwanza ya chakula cha mgonjwa wa mionzi ni kumwezesha kuimaliza tiba yake kwa wakati.

MIONZI NA TUMBO

Ni vyema kueleza namna mionzi inavyofanya kazi, kwa maana asiyeijua silaha hawezi kuijua ngao yake. Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji. Mionzi inapopita mwilini huyapasua maji hayo na kuzaa chembe ndogo mno zenye ukali, ziitwazo radikali huru. Chembe hizo hudumu kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, lakini katika kitambo hicho hushambulia kila kilicho karibu nazo, na shabaha kubwa ni uzi wa urithi ulio ndani ya seli. Takriban thuluthi mbili ya madhara ya mionzi ya eksirei katika seli hupitia njia hiyo. Oksijeni huyakaza madhara hayo yasiweze kutengenezeka kwa urahisi. Ndiyo maana uvimbe wenye oksijeni ya kutosha hufa upesi kuliko uvimbe ulioikosa, na ndiyo maana madaktari hujali sana upungufu wa damu kwa mgonjwa wa mionzi.

Tatizo ni kwamba mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga haina budi kugusa sehemu ya utumbo. Utando wa ndani wa utumbo mdogo hujiumba upya kila baada ya siku 3 hadi 5, na seli zinazogawanyika kwa haraka namna hiyo ndizo zinazodhurika upesi. Seli za zamani hukatika, na mpya hazijawa tayari kushika nafasi. Katika juma la pili au la tatu mgonjwa huanza kukosa hamu ya kula, kuona kichefuchefu, kusokotwa na tumbo na kuharisha. Kwa walio wengi hali hiyo hupoa majuma machache baada ya tiba. Wachache hubaki na makovu ya utumbo au kutokwa na damu katika njia ya haja kubwa, miezi au hata miaka baadaye. Na yule anayepigwa mionzi ya kinywa au koo hupata vidonda mdomoni, akashindwa kumeza hata mate.

Basi tumbo linapoleta taabu wakati wa mionzi, hiyo si ishara kwamba mgonjwa amerogwa, wala kwamba tiba imeshindwa. Ni jambo linalotarajiwa, lina sababu inayoeleweka, na lina njia za kupunguzwa.

NGAO INAPOMKINGA ADUI

Antioksidanti ni viini vinavyozima ukali wa radikali huru. Vitamini C, vitamini E na beta-karotini ni katika jamii hiyo. Madini ya seleniamu huusaidia mwili kujitengenezea ngao za aina hiyo. Na viungo vya chakula vina viini vingi vinavyoitwa polifenoli vyenye tabia hiyo hiyo. Hoja ya wauzaji wa vidonge huwa nyepesi: mionzi hujeruhi kwa radikali huru, antioksidanti huzima radikali huru, basi mgonjwa na azimeze kwa wingi apate kunusurika.

Wepesi wa hoja hiyo ndio hatari yake. Radikali huru zinazoujeruhi utumbo ndizo zile zile zinazoiua saratani. Kidonge kilichomezwa hakina macho ya kutofautisha utumbo na uvimbe. Ngao ikigawiwa bila hesabu, adui naye huipata.

Jambo hili limewahi kupimwa kwa watu. Huko Quebec, nchini Kanada, watafiti waliwagawa wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa vidonge vya vitamini E pamoja na beta-karotini, na jingine vidonge visivyo na dawa, wakati wa mionzi na baada yake. Beta-karotini iliondolewa katikati ya jaribio, baada ya majaribio mengine kuonyesha hatari yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005 na 2006. Wale waliopata vidonge vyote viwili walipungukiwa kweli na madhara makali ya mionzi. Lakini hesabu ya vifo ilipofanywa miaka kadhaa baadaye, kiwango cha vifo katika kundi la vidonge kilikuwa kimezidi kile cha wenzao kwa asilimia 38. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hatari ilikuwa kwa wale walioendelea kuvuta sigara wakati wa mionzi. Kinywa kilipata nafuu, na maisha yakafupika.

Hilo halikuwa onyo la kwanza. Mwaka 1994 watafiti wa Finland walitangaza matokeo ya jaribio lililohusu wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, kwa matumaini kwamba vingewakinga, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiopewa. Beta-karotini hiyo ndiyo inayolifanya boga na embe kuwa na rangi ya manjano, na hakuna aliyewahi kudhurika namna hiyo kwa kula boga. Tofauti iko katika kiasi, na katika kiini kimoja kutengwa na wenzake na kumezwa kila siku kwa wingi ambao hakuna sahani inayoweza kuubeba.

Haki inataka pia kutajwa kwa majaribio yaliyoleta habari njema. Nchini Ujerumani, wanawake 81 wenye saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba, ambao damu yao ilikuwa na upungufu wa seleniamu, walishirikishwa katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010. Kuharisha kulikofikia kiwango cha kusumbua kuliwapata asilimia 20.5 ya waliopewa seleniamu, na asilimia 44.5 ya wasiopewa. Lakini wanawake hao walipimwa damu kwanza, wakaonekana wana upungufu, ndipo wakapewa. Kujaza pengo ni jambo moja. Kumwaga juu ya kilichokwisha kujaa ni jambo jingine.

SOKONI NA DUKANI

Unguja si kisiwa kinachohitaji kuagiza antioksidanti katika chupa kutoka ng'ambo. Mwaka 2010 watafiti waliopanga orodha ya vyakula 100 vyenye polifenoli nyingi waliiweka karafuu mahali pa kwanza. Tangawizi, manjano na mdalasini vinaota katika mashamba ya Kizimbani na Dole. Pera moja la njiani lina vitamini C takriban mara nne ya ile ya chungwa la uzito ule ule. Mchicha, matembele, kisamvu, boga, papai, embe na viazi vitamu havikosekani katika soko la Mwanakwerekwe, na samaki wa bahari zetu, pamoja na mayai, wana seleniamu.

Kasumba ya kudhani kwamba kilicho ndani ya chupa yenye maandishi ya kigeni ni bora kuliko kilicho ndani ya pakacha ni kasumba ya kupigwa vita. Mfanyakazi wa kima cha chini anayetumia nusu ya mshahara kumnunulia mama yake mgonjwa vidonge vya antioksidanti anafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini fedha hiyo ingemtosha kwa samaki, matunda, na nauli ya boti ya kumalizia tiba.

Hata hivyo, kujitegemea hakumaanishi kukubali kila kinachouzwa kwa jina la asili. Karafuu mbili tatu katika pilau ni kiungo. Mafuta ya karafuu yanayonywewa kwa kijiko huweza kuliharibu ini. Unga wa manjano katika mchuzi ni chakula; vidonge vya manjano yaliyokamuliwa ni dawa ambayo daktari anapaswa kuijua. Hali kadhalika kwa mchanganyiko wa mizizi, asali na habasoda unaouzwa katika mitaa ya Darajani kwa ahadi ya kutibu kila kitu. Wapo wagonjwa wanaotumia vitu hivyo na kumficha daktari kwa kuogopa kukemewa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na anayeficha dawa anazotumia ni ndugu yake yule yule.

SAHANI YA MGONJWA

Mgonjwa wa mionzi ya nyonga ale nini, basi? La kwanza ni maji. Anayeharisha hupoteza maji na chumvi kwa pamoja, na maji matupu hayatoshi kurudisha vyote viwili. Dawa ya maji ya chumvi na sukari inayotolewa kwa watoto wanaoharisha inamfaa mtu mzima pia. Maji ya dafu na supu nyepesi ya samaki husaidia kuongeza kinywaji, lakini havishiki nafasi ya dawa hiyo. Akiharisha mara nyingi kwa siku, akiona damu, akipata homa, au akishindwa kunywa, asingoje kesho. Na amwone daktari siku hiyo hiyo.

La pili ni chakula cha kujenga mwili. Utumbo uliojeruhiwa hauwezi kujiumba upya kwa chai na mkate mkavu. Samaki wa kuchemsha au wa kupaka asiye na pilipili nyingi, mayai yaliyoiva, choroko zilizopondwa, na kuku wa mchuzi mwepesi hutoa protini inayohitajika. Mgonjwa apewe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, kuliko kuwekewa sinia kubwa linalomtia kinyaa. Vyakula vya mafuta mengi, pilipili kali, na ndimu au ukwaju wa urojo vingoje mpaka tumbo litulie. Maziwa yakimzidishia kuharisha, ayaache kwa muda, kwa sababu utumbo uliojeruhiwa hupungukiwa na uwezo wa kuisaga sukari ya maziwa. Mtindi mara nyingi hustahimiliwa vizuri zaidi.

La tatu linahusu nyuzinyuzi, yaani yale makapi ya mboga, matunda na nafaka yasiyosagwa tumboni. Kwa miaka mingi wagonjwa wa mionzi ya nyonga wameshauriwa kuziepuka kabisa. Lakini jaribio la Hospitali ya Royal Marsden mjini London, lililohusu wagonjwa 166 na kutangazwa mwaka 2017, lilionyesha kwamba waliokula nyuzinyuzi kwa kiasi kizuri walipata shida ndogo zaidi ya utumbo kuliko walioendelea na mlo wao wa kawaida, na nafuu hiyo ilionekana hata baada ya mwaka mmoja. Waliopunguziwa nyuzinyuzi hawakupata faida. Kwa hiyo uji wa mtama, ndizi mbivu, papai, boga na mboga laini zilizopikwa zikaiva haviondolewi katika sahani ya mgonjwa kwa hofu tu. Hupunguzwa pale ambapo daktari au mtaalamu wa lishe ameona sababu.

La nne ni vijidudu vyenye manufaa tumboni. Nchini Thailand, jaribio lililotangazwa mwaka 2010 liliwahusu wanawake 63 wenye saratani ya mlango wa kizazi. Kuharisha kwa kiwango cha kati au kikali kuliwapata asilimia 45 ya wasiopewa vijidudu hivyo, na asilimia 9 ya waliopewa. Vilikuwa vijidudu vya aina maalumu vilivyopimwa kiwandani, si mtindi wa nyumbani, na mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka hapaswi kuvitumia bila idhini ya daktari. Hata hivyo ni njia yenye matumaini, na haina ule mgongano wa kuizima silaha ya mionzi.

La tano ni sigara. Mgonjwa wa mionzi anayevuta hupunguza faida ya tiba na kuongeza madhara yake. Hakuna antioksidanti inayoweza kufidia hasara hiyo.

Na katika visiwa hivi ambako mwezi wa Ramadhani ni nguzo ya maisha ya watu, wapo wagonjwa wanaofunga huku wakiharisha, kwa kuona haya au kwa hofu ya dhambi. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na utaratibu wa kulipa. Neno la sheikh wa mtaa katika jambo hili linaweza kumsaidia mgonjwa kuliko mabango kumi.

WAJIBU WA WALIOSOMA

Ndugu Walimu na Watumishi, elimu ya namna hii haitafika Nungwi wala Kizimkazi kwa miguu yake yenyewe. Historia ya nchi hii inaonyesha njia. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya huko Bara iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kutenda. Wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wananchi walionyesha wakati ule kwamba wakielezwa sababu, na si kuamrishwa tu, hubadili mambo katika nyumba zao wenyewe. Sababu hizo wanastahili kuelezwa hata leo.

Mwalimu ndiye mtu ambaye jirani humletea chupa ya vidonge amsomee maandishi yake. Basi na amwambie ukweli: kwamba neno "asili" halimaanishi salama, kwamba chupa hiyo iende pamoja na mgonjwa mpaka mezani kwa daktari, na kwamba kuuliza si ujinga. Mwalimu huyo huyo ana nafasi ya kuuzuia msiba kabla haujafika, kwa kuwahimiza wazazi kuwachanja mabinti zao dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, chanjo ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Binti aliyechanjwa leo anapunguziwa sana uwezekano wa kuivuka bahari kesho kwa ajili ya mionzi.

Mtumishi wa Serikali naye ana kalamu, na kalamu hiyo hutibu au huua. Ruhusa ya mgonjwa wa mionzi, au ya ndugu anayemsindikiza, ikikaa juma zima chini ya mafaili, hilo ni juma moja kati ya yale 8. Malipo ya safari yakichelewa, mgonjwa hukosa siku zake za tiba sawa na aliyeshindwa na tumbo. Karani anayelipitisha jambo hilo siku hiyo hiyo anashiriki katika tiba kama yule anayeiendesha mashine.

Viongozi wa mashina na matawi nao wana kazi. Wanawajua wagonjwa walio katika mitaa yao. Wanaweza kuuliza kama nyumba ina samaki na mboga, kama yuko wa kupika, na kama mgonjwa amerudi kabla tiba haijamalizika. Akiwa amerudi kwa sababu ya tumbo, aelezwe kwamba kuharisha kuna dawa, kwamba bado ana nafasi, na asindikizwe kurudi upesi.

Ndugu Mwenyekiti, sayansi ya antioksidanti inaendelea, na huenda ikaleta siku moja kinga inayoujua utumbo na kuukataa uvimbe. Mpaka siku hiyo, kanuni ya kushika ni hii: antioksidanti za sahani zibaki katika sahani, zile za chupa zipite kwanza kwa daktari, na mgonjwa asikose maji, chakula na nauli mpaka siku ya mwisho ya tiba yake. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa wananchi wa Unguja, na wa kuianza ni wale ambao taifa limewasomesha.